Nekoye Aanza na Herufi ya Mwisho

Nekoye alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwao Turbo hilo lilikuwa kosa. Nyanyake, Edinah, aliufunga mkono huo kwa kitambaa kila wakati wa kula. "Samaki mkunje angali mbichi!" Wacha wee, samaki alikataa kabisa kukunjika. Shuleni nako mwalimu akaandika kwenye ripoti yake neno moja la Kizungu, awkward, yaani mtu asiyejua kutumia mikono yake. Tangu hapo, chai ikimwagika nyumbani, wote walijua la kumwita.

Sasa ana miaka ishirini na minne na anaandika mabango ya maduka hapa Eldoret, chini ya fundi Githinji, mtu wa mdomo mkali lakini roho yake si mbaya. Shida ni hii: akitumia mkono wa kulia, herufi zinatetemeka. Wa kushoto unazitoa safi, halafu kiganja kinapita juu ya rangi mbichi na kuzifuta zote. Kazi mbili ziliharibika hivyo.

"Ukiharibu ya tatu, rudi Turbo ukapalilie mahindi," Githinji alimwambia. "Wewe ni awkward, dada."

Neno lile lile! Lilimuuma kuliko hayo mahindi.

Kazi ya tatu ilikuwa ukuta wa duka la mbegu la Mzee Kigen, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mzee alimkuta amesimama na brashi mkono wa kulia, machozi yakimlengalenga, na alipomuuliza, akamweleza yote, hata lile neno.

"Hilo tu?" Mzee akacheka. "Zamani Waingereza walisema awk kwa kitu kilichogeuzwa, kama pigo la mkono wa kushoto. Na ward ni kuelekea. Lilimaanisha kuelekea upande ule mwingine. Matusi yalikuja baadaye, mama."

Nekoye akautazama ukuta. Githinji alikuwa ameshachora herufi kwa chaki: MBEGU BORA. Upande ule mwingine? Akabeba ngazi mpaka mwisho wa maandishi, akashika brashi kwa mkono wa kushoto, akaanza na A.

"Ameanza na mkia!" wapita njia wakamcheka. Githinji akaja mbio. "Nekoye! Unanifanyia nini?" Nekoye akaendelea na R. Kiganja chake kilikuwa kinapita kwenye ukuta mkavu, na rangi mbichi ilibaki nyuma yake, haiguswi. Alipomaliza M, Githinji alitafuta doa mpaka pua ikapata rangi. Hakuliona.

"Kesho kuna ukuta mrefu kule Soy," akasema. "Ngazi usiisahau."

Jumapili, baada ya kanisa, Nekoye alimleta nyanyake kuona. Mama mzee alisoma polepole, kisha akaushika ule mkono aliokuwa akiufunga, akatoa leso na kuanza kufuta rangi iliyokauka kwenye kucha.

"Ulikuwa unalia sana nikiufunga," akasema. "Nisamehe, mjukuu wangu."