Muhogo Usiovundikwa

Asubuhi ile mama aliniamsha nikachote maji. Nikaweka mguu chini, haukunisikia. Wa pili ukakakamaa kama mpini wa jembe, nikaanguka kwenye mafiga. Mama alicheka kwanza. "Inuka wewe, usiniletee maigizo." Aliponiona nalia, akakaa chini akaikanda miguu yangu, akaivuta. Haikukunjika. Jana yake nilikuwa naruka kamba.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka bondeni, huku huku Handeni, tukapelekwa kijiji cha ujamaa, juu kwenye ukame. Wengine walipata shule huko, sikatai. Mvua ilikatika, mahindi yakafa, ukabaki muhogo mchungu wa shamba la kijiji. Sisi Wazigua tunaujua ule. Unamenywa, unavundikwa kwa majani mpaka uote ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unatwangwa. Sumu inatoka hivyo, taratibu.

Mwenyekiti wa kijiji alikataza. Mkubwa wa wilaya anakuja kukagua, kila mtu awe shambani tangu alfajiri.

"Mnavundika muhogo au mnavundika uvivu?" alituuliza mkutanoni. Watu wakacheka, maana alikuwa na fimbo.

Mama akanyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, muhogo huu utatuua."

"Mbona jana umeula, na leo mdomo unao?"

Wakacheka tena. Bwana shamba, aliyesomea mimea, alikuwa pale pale. Akaangalia viatu vyake.

Basi kina mama wakawa wanaukatakata, wanaupigisha jua kidogo, wanatwanga siku hiyo hiyo. Tukala ugali wake mtupu, asubuhi na jioni, wiki kwa wiki. Maharage hakuna, dagaa hakuna. Hatukuwa na kingine.

Nimeshakuwa mtu mzima ndipo daktari mmoja wa Korogwe akanieleza, baada ya kumsumbua sana. Alisema ndani ya seli za mwili mna vitu vidogo, mitokondria, ni kama majiko. Vinaunguza chakula kwa hewa tunayovuta, tunapata nguvu. Seli yenyewe ndiyo inayapanga: ukifanya kazi sana msuli unaunda majiko mengine, yaliyochakaa yanabomolewa. Sumu ya muhogo inayazima.

"Basi si yaundwe mengine, daktari?"

"Kwenye msuli, sawa. Lakini kwako, mama, tunadhani zilikufa seli za neva zinazoendesha miguu. Seli yenyewe ikifa, nani ataunda?"

Hakuwa na dawa. Nikachukua magongo yangu nikatoka.

Mwenyekiti alipewa kijiji kingine, kikubwa zaidi. Bwana shamba anaishi Mombo, tukikutana sokoni ananiuliza habari za nyumbani. Habari za miguu haulizi. Mama amekufa akijilaumu yeye, na yeye ndiye aliyesema! Mimi sitaki pole. Nataka hao wawili, mbele ya watu wale wale waliochekeshwa, wajibu: mama yangu aliwaambia nini siku ile, na kwa nini hamkumsikiliza?