Maji ya Mfongo

Samaki wangu wa kwanza niliachiwa na mama wa Kihindi niliyemfanyia kazi dukani kwake, Moshi mjini. Familia yake ilikuwa inahamia ng'ambo, na kwa jinsi alivyowalilia wale samaki ungedhani anaacha wajukuu. Walikuwa wadogo, mikia ya rangirangi, wapole hata konokono aliyeishi nao hawakumgusa. "Maji usibadilishe yote," aliniambia. "Punguza kidogo, ongeza kidogo. Na usiwalishe mno."

Nikawapandisha Uru, kwetu mlimani, ndani ya ndoo. Mama mkwe alipoona tangi la kioo mezani aliguna. "Samaki wa kuangalia? Hata mchuzi hawatoi!" Tulicheka sana. Binti yangu, ndiyo kwanza anaanza kukaa, akiitazama ile mikia alisahau hata kulia.

Maji yetu yote yalitoka kwenye mfongo, ule mfereji unaoshuka toka juu ukipita katika migomba ya kila mtu. Ndoo niliyoteka asubuhi ndiyo iliyopika uji wa mtoto, na ndiyo niliyochota kidogo kuwaongezea samaki.

Ulipofika wakati wa kupulizia kahawa dawa, konokono akafa. Nilimkuta ameachia kioo, amelala chini. Nikajisemea, haya, uzee. Kisha samaki wakaanza kupanda juu, midomo wazi. Nikajilaumu, mgeni wa mambo mimi: labda nimewashibisha, labda maji yamechafuka. Nikawaongezea maji mapya ya mfongo. Wakafa mmoja mmoja.

Mama mkwe hakucheka tena. "Toa hicho kitu ndani," alisema. "Sitaki vitu vinavyokufakufa karibu na mtoto."

Mtoto naye alikuwa ameanza kutapika. Meno hayo, wakasema. Nikachemsha maji kupita kawaida, nikamkorogea uji mwingine, akautapika wote. Nikiwa namfuta mdomo, macho yangu yakaenda kwenye tangi, yakaenda kwenye sufuria, yakatua kwenye ndoo. Yesu na Maria!

Nikamwaga ule uji, nikambeba mtoto mgongoni, kikombe chake mkononi, nikapanda kuufuata mfongo. Sikwenda mbali. Upande wa juu wa kihamba chetu wenyewe, shamba letu la migomba na kahawa, baba mkwe alikuwa ameinama anasuuza pampu ya dawa mfongoni, na maji yaliyomtoka mikononi yalikuwa ya buluu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo wapi, baba! Anatapika. Samaki nao wamekufa. Ni hii dawa."

Akacheka. Aliinunua mjini, kwenye mfuko usio na maandishi yoyote. Siku hizo kila mwenye duka alikuwa muuza dawa za kahawa, na bwana shamba hatukumwona tena. "Ni mrututu tu huu, wa kuzuia ukungu wa kahawa," alisema. "Maji yanatembea, yanaondoka nao. Sisi tumeyanywa maisha yetu yote. Tumeota pembe?"

Mkwe hajibizwi, hilo nalijua. Lakini hasira zilinizidi. Nikamnyooshea kile kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Basi baba, naomba umchotee mjukuu wako."

Akakipokea. Akainama, kikombe kikakaribia maji, na hapo mkono ukasimama. Mgongoni kwangu mtoto alikuwa anabwabwaja, anamwita babu yake kwa lugha yake mwenyewe. Mzee hakuchota. Alinirudishia kikombe kikavu bila kunitazama.

"Nenda parokiani," alisema polepole. "Kachote ya bomba."

Kwa maji hayo ya parokiani mtoto alipona, namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini jioni ile, nilipogeuka kushuka, nilisikia vicheko. Kule chini jirani zetu walikuwa wameinama mfongoni na ndoo zao, na watoto wao pembeni wanakunywa kwa viganja. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Walidhani nawasalimia. Wakanipungia mikono, wakaendelea kuteka.