Bega Lililosubiri Wageni

Sijawasamehe ndugu zangu wa Iringa kwa kuchelewa kuja, na sijawasamehe kwa kuja. Najua maneno hayo hayapatani. Nimeyageuza kichwani kila upande, nikiwa kitandani na nikiwa darasani, na bado nayaona ya haki.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, nimetoka tu chuo cha ualimu, nimepangiwa shule Mbeya. Mimi ningengoja basi. Ndugu zangu wakasema basi linachelewa, kuna lori la mbao linapita kwenda Mbeya, na mwalimu atapewa nafasi ya mbele kwa dereva. Nikapewa nafasi ya mbele. Kuanzia Iringa dereva hakufurahi kuwa na mimi, kwa sababu nilimwuliza mara nyingi kama breki ni nzima.

Tulipokaribia Chimala mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Dereva alitoa kichwa dirishani amtukane utingo wake aliyekaa juu ya mbao, na lori likafuata kichwa chake. Tuliingia mtaroni, tukalala ubavu. Utingo aliruka mapema, akasimama barabarani akicheka kwa woga. Dereva alipanda akanitokea mgongoni, kwa maana halisi, alinikanyaga mgongo ili atoke. Mimi nilibaki chini na bega langu la kulia likiwa mahali ambapo bega halikai.

"Mwalimu," aliniinamia kutoka juu, "si ulitaka kukaa mbele?"

Hospitali ya Mbeya daktari alilirudisha bega kwa kulivuta, akaenda zake. Dresa akafunga mkono kifuani kwa kitambaa. Kisha akaja mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akishughulika na mazoezi ya viungo. Wote walimwita Sista, na wote walimwogopa. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Sikiliza wewe. Bega pumzisha. Vidole na kiwiko chezesha leo, usilale navyo. Wiki ya tatu rudi kwangu, hata kama bado linauma kidogo. Ukisikia ganzi, au vidole vikikosa nguvu, usingoje wiki ya tatu. Njoo siku hiyo hiyo."

Mtu mwingine angesikia maneno hayo akaondoka. Mimi niliondoka na neno moja: kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Likiniuma sana wiki ya tatu, je, nimekatazwa kwenda? Na lisiponiuma kabisa, nitakwenda kumwambia nini mwanamke yule? Ningeweza kumwuliza pale pale. Lakini alikuwa ameshanipa mgongo.

Nilifikia kwa shangazi yangu, dada wa baba. Ni Mbena wa kwetu aliyeolewa na mfanyabiashara wa mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Shangazi alikuwa amejifunza adabu za upande wa mumewe bila kusahau hata moja ya upande wetu, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na adabu mara mbili. Akanitandikia kitanda chumba cha mbele, chenye ukuta mweupe uliopakwa chokaa, mahali mgeni anaponiona akivua viatu tu.

Wakaanza kuja kunipa pole. Majirani wa baibui walikuja na mikate ya kumimina. Wakristo wa milimani walikuja na viazi, wakaomba kwa sauti kubwa na macho wazi, wakikagua kitambaa changu. Kila mmoja aliuliza lilikuwa lori la nani, na kila mmoja alijua mtu aliyeumia zaidi yangu.

"Anaendeleaje?" waliuliza, wakimtazama shangazi, kama vile mimi sina mdomo.

"Bado," shangazi alijibu kwa fahari. "Amelala."

Siku moja nilikaa kitako nikichezesha kiwiko kama nilivyoambiwa. Shangazi akaingia, akanirudisha kwenye mto kwa kidole kimoja.

"Lala, baba. Ndugu zako wa Iringa hawajaja."

"Shangazi, Sista alisema nichezeshe."

"Huyo Sista atawapikia wakija? Mimi nilishaaibika mara moja. Babu yako mdogo alivunjika mguu, tukatembea kutwa na kuku kichwani kwenda kumpa pole. Tukamkuta anapasua kuni! Tukarudi na kuku wetu, na kila tuliyekutana naye njiani anauliza, vipi, mmekwenda sokoni?"

"Kwa hiyo mimi nisipone mpaka waje."

"Nani amesema usipone? Pona. Ila wakukute umelala."

Hakuwa akitania. Kwetu mtu aliyesafiri kuja kumwona mgonjwa anastahili mgonjwa. Ukimpokea mlangoni na mkono unaopunga, umemwambia safari yake ilikuwa ya bure.

Wiki ya tatu ikafika. Bega liliniuma, nami nikaanza kesi kichwani. Kama maumivu haya ni kidogo, niende. Kama si kidogo, labda bega halijashika, na Sista atalitegua upya. Kama nikienda leo na ndugu wakaja leo, shangazi hatanisemesha mwaka mzima. Asubuhi niliamua kwenda, mchana nikaona jua kali, jioni shangazi akaniletea uji na kukaza fundo la kitambaa. Wiki ya tatu ikapita hivyo hivyo.

Aliyefuata kuja ni hedimasta wangu, ambaye nilikuwa sijamwona hata siku moja. Alikuja na kofia mkononi na machungwa ndani ya kofia.

"Pole, mwalimu. Mkono wa kuandikia ndio huo?"

"Ndio, mzee."

"Pole sana." Aliyapanga machungwa kitandani. "Darasa lako lina watoto wengi na ubao mmoja. Wa nyuma hawaoni chochote kilichoandikwa chini, wanaona vichwa vya wenzao. Shule ikifunguliwa nataka mtu anayefika juu ya ubao. Wapo wenzako wanaoitaka nafasi hii, na mikono yao ni mizima. Sikutishi. Kula machungwa."

Alipoondoka nilifungua kitambaa. Nilitaka kuinua mkono hadi kwenye usawa wa macho tu. Ulifika mbavuni ukasimama. Maumivu hayakuwa makubwa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ulikuwa umekwama, kama droo iliyovimba kwa unyevu, na nilipolazimisha, bega zima lilipanda mpaka sikioni na mkono ukabaki chini. Nikaona nafasi yangu ikienda kwa mtu nisiyemjua, mtu mwenye mabega yanayolingana, na nikamchukia mtu huyo kuliko nilivyomchukia dereva.

Kesho yake ndugu wa Iringa wakaja. Walikuja wengi, wakiongozwa na baba yangu mdogo. "Kamwene, kamwene," salamu ya kwetu ikajaa nyumba nzima. Kuku walifungwa kwenye mguu wa kitanda changu. Baba mdogo alikaa, akanitazama kwa kuridhika.

"Pole, mwanangu. Tungekuja mapema."

"Barabara mbaya?" shangazi aliuliza.

"Barabara haina neno. Ila kila lori likipita tunauliza, vipi kijana wa Mbeya? Wanasema bado amelala. Basi tukasema, kama bado amelala, haraka ya nini? Hatakimbia. Tukavuna kwanza."

Nikakaa kitako.

"Baba mdogo," nilisema, "mimi nimelala kwa sababu hamjaja."

"Eeh?"

"Mngekuja ningeinuka! Nimelala kuwangoja ninyi, nanyi mnaningoja mimi, na mkono umeganda!"

Hata kuku mmoja aliyekuwa akilalamika aliacha.

"Ni dawa za hospitali," shangazi aliwaambia wageni. "Zinapandisha hasira. Kuleni."

Wakala. Baba mdogo alisema chuo ndicho kilichoniharibu, mwingine akasema hapana, nilikuwa hivi tangu mdogo. Asubuhi, wakiwa bado wanakunywa chai, niliwapita mlangoni na kitambaa changu mfukoni.

Sista alinishika mkono, akauinua, akaona ulipogoma.

"Nilisema wiki ya tatu."

"Bado lilikuwa linauma, Sista."

"Ndiyo! Ndiyo maana unakuja! Unafikiri maumivu yaishe kwanza, halafu uje kunisalimia?" Alimgeukia dresa. "Mtazame. Mwalimu." Akalitamka neno kama jina la ugonjwa.

Nilimchukia kwa kuwa hakungoja jibu. Aliniwekea taulo la moto begani. Akanisimamisha mbele ya ukuta. Vidole vyangu vilipaswa kuupanda ukuta polepole kama mdudu, na mkono uvifuate. Vikigoma, nihesabu pumzi, nishuke, nianze tena. Nyumbani nifanye hivyo hivyo asubuhi, mchana na jioni. Maumivu ya kuvuta nivumilie, ya kuchoma kama kisu niyaheshimu na kuacha. Nilimwuliza nitajuaje tofauti. Akaniambia nitajua. Sikuamini, lakini nilijua.

Nikaupanda ukuta wa shangazi. Vidole viliacha alama za jasho na vumbi kwenye chokaa, kila siku juu kidogo ya jana, kama njia ya sisimizi.

"Ukuta wangu!" shangazi alipiga kelele. "Wageni wataniona mchafu!"

"Wageni wameshakuja, shangazi."

"Unanijibu?"

Nilimjibu, ndiyo. Tulinuniana vizuri kabisa, nyumba nzima ikisikia. Lakini niligundua kwamba nikiwa ukutani alisimama mlangoni na ungo wake, anapepeta mchele wa Chimala uliokwisha kupepetwa, na macho yake hayakuwa kwenye ungo.

Shule ilipofunguliwa hedimasta hakunipa hata nafasi ya kukaa. Alinipa chaki mbele ya watoto.

"Andika tarehe. Juu."

Nilisogea karibu na ubao nikavipandisha vidole kama ukutani, watoto wakacheka. Mkono ukavuta, ukatetemeka, ukapita macho, ukapita kichwa. Sikufika juu kabisa. Niliandika chini kidogo ya pale alipotaka, kwa herufi zilizolala.

Hedimasta alikwenda mpaka dawati la mwisho, akakaa, akainama.

"Inaonekana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Endelea na mazoezi."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia shangazi. Chumba cha mbele kilinuka chokaa. Idi ilikuwa inakaribia, naye alikuwa amepaka ukuta wote upya. Njia yangu yote ilikuwa imefutika, isipokuwa alama ya juu kabisa. Hiyo aliizungushia brashi kwa uangalifu, ikabaki peke yake kwenye weupe, chafu.

"Usiguse huko chini," alisema bila kugeuka. "Huko umeshafika. Anzia hapo."