Tende Mchangani

Jana darasani chaki ilimponyoka mwalimu. "Okota, wewe mchekeshaji," akaniambia. Darasa lote likasubiri vituko. Nikaokota, nikampa, nikarudi kuketi. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Vita vilipopamba moto, tuliwekwa katika kijiji cha kulindwa karibu na Garissa, hakuna kutoka bila kibali cha askari. Ngamia wetu walichukuliwa na askari. Maziwa yakageuka chai ya rangi. Mdogo wangu wa kike akaanza kutembea wima kama askari wa gwaride. Nami, kwa akili zangu za mbuzi, nikaanzisha mchezo: naangusha tende mchangani, namwambia, "Abayo, dada yangu, ukiokota ni yako!" Hakuinama. Alichuchumaa polepole, mgongo umenyooka, mkono umeshika paja. Watoto walicheka hadi machozi. Naye alicheka, maana tende aliila.

Mgongo ulipotoa nundu, nyanya alimwita mchomaji, mganga wa kutibu kwa moto. Kijiti chenye kaa, alama nne. Harufu ya ngozi ile haijanitoka. "Nyamaza mwanangu, moto unautoa ugonjwa," nyanya alimbembeleza. Basi tukangoja makovu yafanye kazi.

Alipoanza kujikwaa, baba alihangaikia kibali cha kutoka, tukaenda hospitali. Daktari aliangusha kalamu sakafuni.

"Okota, binti."

Akachuchumaa vilevile. Kicheko kikanitoka, mazoea tu. Daktari hakucheka.

"Anaokota hivi tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana," nikasema, na hapo nikaelewa. Kipimo cha daktari nilikuwa nakifanya kila siku, kwa tende.

Picha ilionyesha kifua kikuu kimekula pingili mbili za uti wa mgongo. Daktari akasema apasuliwe Nairobi haraka, usaha utolewe, pengo lizibwe kwa kipande cha ubavu wake, kabla miguu haijafa. Lakini barabara ilikuwa haipitiki bila msafara wa askari. Tulingoja siku tisa. Siku ya saba akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, sisikii vidole vya miguu."

Walimpasua. Uti ulishika, miguu haikurudi.

Siku hizi ngamia hakuna, nyanya tumemzika, na wale watoto wa kucheka wametawanyika. Dada hukaa mlangoni akisuka mikeka. Juzi tende iliniponyoka mbele yake. Tuliitazama sote.

"Okota wewe," akasema. "Leo ni yako."

Niliinama. Sikuweza kuila.