Kikohozi cha Baba Mlangoni pa Kanisa

Baba alikuwa akikohoa tangu kabla sijazaliwa. Alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa kijana, akakata mkonge, kisha akahamishiwa kiwandani, chumba cha brashi, ambako nyuzi kavu husuguliwa na vumbi lake hutanda kama unga. Kiwanda hicho watu wa mashambani walikiita korona, kwa jina la mashine yake, miaka mingi kabla ugonjwa haujafika na jina hilohilo. Alipostaafu alihamia kwangu Usagara, na kikohozi akaja nacho. Jirani yetu, mama wa Kidigo, alizoea kusema kwamba alfajiri huamshwa na baba yangu kwanza, mwadhini ndiye anayefuata.

Ugonjwa ulipoingia, misa parokiani kwetu zilisimama kwa wiki kadhaa. Zilipotangazwa kurudi, Paroko alitaka kila jumuiya itoe mtu wa kusimama mlangoni. Mimi ni mwalimu, nimezoea kupanga watu mistari, basi wakanichagua bila kuniuliza. Tulielekezwa siku moja: watu wanawe mikono, wavae barakoa, wakae watatu kwa benchi, amani watakiane kwa kuinamisha kichwa tu. Mwisho tukaambiwa kwamba mwenye homa au kikohozi arudishwe nyumbani kwa upole, Padre atampelekea komunyo.

Niliandika yote kwenye daftari. Baba sikumwambia.

Jumapili ile ya kwanza alivaa koti la kijivu alilovaa siku ya harusi yangu, tukapanda bajaji. Njia nzima hakukohoa hata mara moja, nikatambua kwamba sharti la kikohozi alikuwa analijua. Alikuwa amejibana. Mlangoni alinawa, akainama nimpime joto, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. Kila aliyepita nilikuwa nimemuuliza kama ana kikohozi. Yeye nilimwambia, "Pita, baba."

Alivumilia hadi mahubiri, kikohozi kikamshinda. Watu walikuwa wachache na kanisa kimya, kwa hiyo kilisikika hadi altareni. Mama mmoja wa benchi lake aliinua watoto wake wawili akahama. Mwenyekiti wa kamati ya parokia, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa mlango, aligeuka. Alinitazama, akamtazama baba, akanitazama tena.

Nikaenda. Nilipita katikati ya mabenchi nikiona macho tu, maana nyuso zilikuwa zimefunikwa.

"Baba, twende nje kidogo upate hewa."

"Ni vumbi la korona tu hili, mama," alinijibu kwa sauti, akiwaambia wao zaidi ya mimi bintiye, kwa neno alilolitumia maisha yake yote.

Benchi la mbele yake likanyanyuka lote. Alipoona wanavyokimbia ndipo alipoelewa alichokitamka. Akanishika mkono, tukatoka.

Nilimkalisha nje, kwenye benchi la ukutani pa sakristia, kisha nikarudi mlangoni kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijaisha. Nalikumbuka hilo kuliko yote: kwamba nilirudi.

Nyumbani alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Ungeniambia hapahapa," alisema. "Ningebaki. Umeniambia nipite, halafu ukaja kunitoa."

Niliondoa sahani. Kesho yake nilimfuata mwenyekiti, nikamwamkia, nikaomba waniondoe mlangoni.

"Marahaba. Mwalimu, ukitoka sasa watasema masharti ni kwa wazee wa wenzako tu," alinijibu. "Na mzee wako mle ndani hayuko salama. Mapafu yale yakiupata huu ugonjwa, utamzika."

Alikuwa anasema kweli, na kwa hilo nilimchukia.

Alhamisi Padre alileta komunyo. Baba aliipokea sebuleni kwa heshima zote, kisha akasema, "Padre, ahsante. Lakini ninaowakosa ni watu." Jumapili iliyofuata alitangulia kwenye bajaji. Akaenda moja kwa moja benchi la nje, ambako misa husikika dirishani, na huko akakohoa apendavyo. Ikawa hivyo kila Jumapili: tunafika pamoja, tunaachana mlangoni, mimi nawaelekeza watu kwenye ndoo za maji huku kikohozi chake kikinifikia mgongoni. Siku ya mvua nilimpelekea mwavuli wakati wa matoleo. Aliupokea bila kunitazama.

Baadaye masharti yalilegezwa, ndoo zikaondolewa, watu wakarudi kubanana kwenye mabenchi. Nilimwambia sasa anaweza kuingia. Aliingia Jumapili moja, akakohoa mara mbili, na hakuna aliyehama. Lakini vichwa viligeuka, naye aliviona. Wiki iliyofuata akarudi nje.

Nami nikaenda kukaa naye. Tulisikiliza somo la kwanza, na zaburi.

"Ingia ndani, mama," akaniambia.

"Nipo sawa hapa, baba."

"Tukikaa wawili watadhani nyumba nzima inaumwa. Ingia."

Nikaingia. Nilikaa benchi la mwisho, upande wa dirisha lake. Padre alihubiri, watu wakacheka mahali fulani, wakaitikia, wakasimama kwa Nasadiki. Nilisimama nao. Lakini sikushika neno hata moja, kwa kuwa kule nje kulikuwa kimya, nami nilikuwa nangoja akohoe nijue kwamba yupo.