Siku Niliyomfokea Bwana wa Kanzu

Hili sijamwambia hata mke wangu, lakini ninyi hamnijui, basi nitalisema. Mimi ni fundi wa nguo huku Kawangware. Cherehani yangu niliikopa kwa kampuni moja ya mjini, na kila mwezi nailipia bila kukosa. Wiki jana ikaja barua: eti sijalipa miezi mitatu, cherehani itachukuliwa, na maduka ya vitambaa yataonywa yasinikopeshe tena.

Nilifika ofisini nikiwa nachemka. Mezani alikaa mzee mmoja wa pwani, amevaa kanzu na koti, kalamu mkononi. Nikamtupia ile barua.

"Ninyi makarani hamjui kusoma?" nikafoka. "Mnataka watoto wangu walale njaa?"

Sijapata kuona mtu mvumilivu namna ile. Aliomba risiti zangu, akazipanga kando ya barua, akazipitia moja moja.

"Tazama, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Risiti zasema akaunti namba 471. Barua yasema 417. Umetumiwa deni la mtu mwingine."

Akaniandikia malalamiko kwa Kiingereza safi, kwa mwandiko wa kupendeza. Nami, bila haya, nikamhimiza afanye haraka, kwani ndiyo kazi anayolipwa.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka bwana mwenye tai.

"Mwalimu, samahani, sisi makarani tumekungojesha tangu asubuhi. Nawe umeletewa barua ya cherehani?"

"Ndiyo, ya mke wangu," mzee akajibu, akinisogezea kiti. "Lakini anza na huyu fundi. Mimi nitangoja."