Mkono wa Sidi

Sidi wa Jefwa, mama muuza mahamri wa hapo stejini Gede, kwenye kituo cha matatu, hakuwa mtu wa kutoa hoja. Yeye alikuwa mtu wa kuziunga mkono. Miaka tisa mfululizo kanisa lao dogo la Kipresbiteri lilimtuma kwenye Mkutano Mkuu wa taifa, huko bara, na miaka yote tisa, hoja ikishatolewa tu, mwenyekiti hata hajameza mate, mkono wa Sidi uko juu: "Naunga mkono!" Alipenda, jamani, msimcheke. Anayeunga mkono huandikwa jina kwenye kumbukumbu za mkutano, na akirudi Gede yeye mwenyewe ndiye aliyezisoma kwa sauti kanisani. Akifika kwenye jina lake, alikuwa halisomi haraka.

Si kwamba alikuwa wa bure. Mwaka juzi kanisa kubwa la mjini Malindi lilipotaka kuchukua kiwanja chao, ni Sidi aliyesimama mbele ya wajumbe mia sita wa Mkutano Mkuu akaongea huku analia, mpaka kiwanja kikabaki. Tangu hapo watu wa Gede walimpenda kupita kiasi.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, akavaa miwani akaanza kusoma. Mkutano wa mwaka huu ulikuwa wa mageuzi, maana wajumbe wamekuwa wengi mno na mazungumzo hayaishi. Akafikia hoja ya kumi na nne, kuhusu kurahisisha uwakilishi.

"'Makanisa yenye washirika wasiofika mia moja hayatatuma tena mjumbe wao kwenye Mkutano Mkuu. Yatasemewa na kanisa kubwa lililo karibu.'"

Akairudia kimoyomoyo. Salaale!

"Sisi tu wangapi?" akauliza mzee Kenga, mwashi aliyezijenga kuta za kanisa lile.

"Sitini na wanne," mtu akajibu.

"Na kanisa kubwa lililo karibu ni lipi?"

Ni lile lile la Malindi, lililotaka kiwanja.

"Alaa! Basi tumekwisha!" Kenga akasema. "Hebu tuambie, Sidi, ni nani aliyetoa hoja hiyo?"

"Mchungaji Njoroge, wa huko bara."

"Huyo hatumjui sisi. Na nani akaunga mkono?"

Angeweza kudanganya. Karatasi alikuwa nayo yeye, na herufi zilikuwa ndogo. Sasa alikumbuka vizuri: saa saba kasorobo, pilau inanukia mpaka ndani ya ukumbi, hoja ndefu haina mwisho, yeye akasikia "kurahisisha" akaona ni jambo jema, mkono huo ukapanda.

"Sidi wa Jefwa," akasoma, "mjumbe wa Gede."

Kanisa zima likapigwa na bumbuazi. Zipporah, fundi cherehani, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mmoja akacheka akidhani ni mzaha, kisha akauona uso wa Sidi, akakoma. Sidi mwenyewe alilikodolea macho jina lake, haamini. Yeye! Kwa mkono wake mwenyewe! Aibu ikamchoma mpaka machozi yakamtoka.

Ilibaki njia moja. Hoja, hata ikipita, haiwi sheria mpaka baraza la makanisa ya Pwani litoe maoni, na baraza lingeketi Jumamosi kule Kibarani, Kilifi. Kila kanisa lingesikilizwa kupitia mtu mmoja. Siku zote mtu huyo alikuwa Sidi.

Kenga akasimama. Ilimwia vigumu, maana Sidi ni shemeji yake. "Napendekeza safari hii aende Zipporah. Sidi asiende."

Hoja isiyoungwa mkono huanguka, na hilo pale kila mtu alilijua. Watu wakainamisha vichwa. Nani amwaibishe mama aliyewalilia kiwanja? Kenga akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kuketi.

"Shemeji, hebu irudie hoja yako," Sidi akasema. "Polepole."

Kenga akairudia. Sidi akaisikiliza neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akainua mkono.

"Naunga mkono."